Sahihi ya Mkono wa Kushoto

Ofisi nne za Ifakara zilinikatalia nafasi ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo, na katika hizo nne ni moja tu iliyosoma barua yangu. Chuo cha kilimo kilikuwa kimesema wazi: fomu ya kukubaliwa irudi Ijumaa ikiwa na sahihi na muhuri, la sivyo unarudia mwaka. Ilikuwa Alhamisi. Nilipanda gari la kwenda kijiji cha Mbingu nikiwa na hasira, nimeshajiapiza kwamba atakayenikatalia safari hii nitamkalia mlangoni mpaka anichoke.

Mbingu nilikuwa na kwa kulala. Mama na kaka yangu Viktor walihamia nje ya kijiji na ng'ombe nikiwa tayari chuoni, kwa hiyo kijijini hakuna aliyenijua sura. Bwana shamba, mzee Egidius, aliitikia shikamoo yangu, akapokea barua yenye fomu ya chuo ndani, na kabla hajaifungua simu yake ikaita. Ng'ombe walikuwa ndani ya mpunga wa mama mmoja anayeitwa Odilia. Mzee akaikunja barua na kuitia mfuko wa shati pamoja na kalamu na muhuri. Alisema atanisainia akishaniona kazini.

Tulikuta mpunga umelazwa chini, mpunga uliokuwa umeshabeba masuke. Wanaume saba walikuwa na mapanga. Ng'ombe mmoja alikuwa amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, amekaa kitako kwenye tope, analia. Nikatazama sikio lake la kushoto, nikaona mikato miwili. Ile mikato aliikata baba kwa mkono wake kabla hajafa.

Nikanyamaza. Nasema ukweli, nilinyamaza, nikafungua daftari nikaanza kupima eneo kwa hatua kama nilivyofundishwa. Egidius alikuwa akiwasihi wale wanaume waache tathmini ifanyike. Hawakumsikia. Panga likashuka kwenye mgongo wa ng'ombe jike mwingine, likashuka tena, damu ikaruka mpaka kwenye daftari langu, na ndama akaanza kumzunguka mama yake akiteleza.

Hapo nikapiga mluzi.

Kila zizi kwetu lina mluzi wake, na ng'ombe hawafuati mluzi wa mtu mwingine. Kundi zima likainua vichwa, likatoka kwenye mpunga, likanijia mimi. Odilia ndiye aliyeelewa kwanza.

"Huyu ni mwenzao," alisema.

Alinipiga kwa mpini wa jembe mdomoni. Mtu mwingine akanishika nywele kwa nyuma, nikasikia ubaridi wa panga shingoni. Niliogopa kufa, nikajikojolea. Egidius akaingia katikati, akanivuta mkono kwa nguvu, akipiga kelele kwamba mimi ni mwanafunzi wake.

Viktor alikuwa anatoka kwenye matete. Alichokiona yeye ni mwanamume anamburura dada yake mwenye damu mdomoni. Fimbo yake ilishuka mara moja, na mkono wa kulia wa mzee ukalia kama muwa unaovunjwa gotini. Wale wanaume wote wakamvamia Viktor. Walimpiga kwa mabapa ya mapanga, kwa mateke, na panga moja likampitia sikioni, kipande kikaning'inia. Alipopata upenyo alikimbilia matete, ng'ombe nyuma yake.

Zahanati walimfunga Egidius mkono kwa vipande viwili vya mbao. Odilia alikaa kwenye benchi akishika masuke yaliyopondwa. Mzee akaniambia nitoe fomu ya tathmini kwenye mkoba wake, niandike mimi kwa kuwa yeye hawezi.

Niliandika ekari mbili na nusu. Niliandika ng'ombe sitini na tatu bila kuhesabu. Kisha nikafika kwenye nafasi ya jina la mwenye mifugo, kalamu ikasimama. Fomu nyingi kwenye mkoba ule zilikuwa zimeandikwa "hajulikani", na kama ningeandika hivyo hakuna ambaye angebisha.

"Sikulazimishi," Egidius alisema. "Ila uliniletea barua ya kuomba kazi, na kazi yenyewe ndiyo hii."

Nilimtazama Odilia, nikatazama yale masuke. Nikaandika Viktor Nkwabi, na chini yake nikaandika kwamba fimbo iliyomvunja mzee mkono aliishika yeye.

Mzee akaitoa barua yangu mfukoni kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa na damu pembeni. Akalisoma jina kwa mara ya kwanza, Rosemery Nkwabi, akasoma tena fomu ya tathmini. Akasaini fomu ya chuo kwa mkono uleule wa kushoto, herufi zimepinda, akagonga muhuri.

Ijumaa mwalimu wa chuo aliniuliza kama aliyesaini ni mtoto. Jumamosi polisi walimchukua Viktor nyumbani, mama akiwa anamkanda sikio kwa maji ya chumvi. Jumatatu alfajiri nilipiga goti mlangoni kwa mama nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikangoja, nikaamkia tena, kisha nikavaa buti nikaenda fildi.