Wimbo wa Kulia

Kinanda kilifika Kibeta juu ya lori la kahawa, kimefungwa kamba kama ng'ombe mkorofi, na Mzee Kagaruki akakipokea akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amekinunua kwa Mzungu mmoja wa migodi ya bati aliyekuwa anarudi kwao. Uzuri wa kinanda hicho ni kwamba hakikuhitaji mpigaji. Unapachika msokoto wa karatasi yenye matundu, unakanyaga chini kwa miguu miwili kama mtu wa cherehani, na kinanda kinapiga chenyewe, vitufe vikizama na kuibuka bila kuguswa. Mke wa Kagaruki alikataa kabisa kubaki nacho chumbani peke yake.

Misokoto ilikuwa hamsini na mbili, na mchwa walikuwa wamekula lebo zote. Hakuna aliyejua upi ni upi. Kagaruki akaamua iorodheshwe, na kazi hiyo akampa Kemilembe wa Nshambya, binti aliyekuwa na cheti cha ualimu ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Ujira wake ulikuwa barua. Kagaruki ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule mpya ya wasichana kule Muleba, na shule hiyo ilitafuta mwalimu wa Kiswahili. Barua yake ingemfikisha Kemilembe huko. Bila barua, angebaki Nshambya akipalilia migomba ya baba yake na kusahihisha Kiswahili cha majirani bure, kazi aliyokwisha kuianza na ambayo majirani walikwisha kuichoka.

Wa kukanyaga alikuwa Mushumbusi, fundi baiskeli wa Hamugembe, aliyeteuliwa kwa misuli ya miguu yake. Yeye akakanyaga wiki mbili, Kemilembe akasikiliza na kuandika, na aliandika kwa raha. Namba tatu: "Wimbo wa haraka, kama mbuzi aliyekata kamba na kipande kinaburuzika nyuma." Namba kumi na moja: "Wimbo wa kubembeleza mwanamke asiyesikia, mwishoni mwanamume anakata tamaa."

Namba ishirini na sita ilimfanya Mushumbusi apunguze mwendo bila kuambiwa. Ilikwenda polepole, dum, dum, kama watu waliobeba kitu kizito ambacho hawataki kukifikisha. Fundi alivua kofia huku akikanyaga. Kemilembe akaandika: "Wimbo wa kulia wakati wa kumpeleka marehemu kaburini. Usipigwe mbele ya wagonjwa."

Kagaruki alipoisoma orodha alikunja uso. Wakati wa vita alikaa pwani miaka miwili akilinda ghala la mahindi, na tangu hapo alijihesabu kuwa mmoja wa wenye lugha. Akasema hayo ni maneno ya gazeti. Orodha ni orodha, kila wimbo maneno matatu, basi. Kemilembe akajibu kwamba yako maneno yasiyoweza kusimama bila ndugu zao. Mzee hakubishana, alichukua kalamu nyekundu akaanza kukata mwenyewe. Mbuzi akaenda pamoja na kamba yake. Mwanamke asiyesikia akafutwa, ukabaki "Wimbo wa kubembeleza." Na ishirini na sita ikabaki "Wimbo wa kulia."

"Tata, hapo umeacha mlango wazi," Kemilembe akamwambia, akimwita baba kwa Kihaya. "Mtu anaweza kulisoma neno hilo vingine."

"Mwanangu, mimi Kiswahili nilifundishwa na wenyewe. Nani asiyejua kulia ni nini?"

Akatia sahihi.

Mwezi uliofuata mwanawe Rwegasira alimwoa Adventina wa Muleba. Kinanda kikapandishwa tena lorini, pamoja na Mushumbusi na Kemilembe, ambaye aliambiwa avae vizuri kwa kuwa kamati yote ya shule ingekuwepo, na baada ya chakula barua ingesomwa mbele yao. Ibada ilikwenda salama. Namba tatu ilimtoa kijasho hata mzee wa kanisa. Saa nane mchana majani yakafunuliwa, mvuke wa ndizi ukapanda, samaki wakapangwa, na Kemilembe akatoka nje kuwasaidia wanawake maji ya kunawa.

Ndipo Kagaruki akasimama na orodha mkononi. Akawaeleza wageni kwamba waungwana wa pwani wana chumba cha kulia na meza ya kulia, na leo Muleba itasikia pia wimbo wa kulia. Mushumbusi aliitazama namba, akamtazama mzee, akauliza kama ana hakika. Akaambiwa akanyage.

Dum. Dum.

Mikono ikasimama kati ya sahani na mdomo. Bi Immakulata, bibi yake Adventina, hakuwa mtu wa kusubiri kutajiwa jina la marehemu. Akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Na Buhaya yowe la msiba haliachwi lilie peke yake. Wanawake wa jikoni wakaitikia, jirani akawaitikia wao, likapita migomba hadi migomba, na kabla msokoto haujafika nusu wakatokea wanaume wawili wa kilima cha pili wamebeba majembe, wakiuliza kaburi linachimbwa wapi. Bibi harusi akalia kwa sababu kila mtu alilia. Rwegasira alimkimbilia baba yake na kumdaka, akidhani ni yeye, ingawa mzee alikuwa amesimama. Mushumbusi aliendelea kukanyaga. Hakuna aliyemwambia aache.

Kuwanyamazisha watu kulichukua muda. Wenye majembe wakapewa sahani, maana walikwisha kufika. Kisha Ndyamukama, baba wa bibi harusi, akataka kujua ni nani aliyemletea msiba kwenye harusi ya mwanawe. Kagaruki akasema kosa limo katika orodha ya mwalimu. Akaitoa barua mfukoni mwa koti, akaishika mahali ambapo Kemilembe, aliyekwisha kurudi ndani kwa yale mayowe, angeiona, akasema binti awaombe radhi wakwe, mambo yaishe, waendelee na shule.

Kemilembe akapiga magoti, kama impasavyo binti mbele ya wazee, na watu wote wakadhani anaanza. Badala yake akaomba orodha ipitishwe kwa wanakamati. Ikapita mkono kwa mkono, wekundu wake ukionekana hata kutoka mlangoni.

"Wazee wangu, waitu, niliandika maneno kumi na mawili," alisema. "Yamekatwa tisa, na kalamu nyekundu si yangu. Kiswahili hakikukosea, wala mimi sikukosea."

Mwanakamati mmoja alikohoa ndani ya kiganja chake. Kagaruki akainua barua kidogo.

"Mwanangu, wakwe wanasubiri."

"Nimewaona, tata. Pole nawapa wote, hata wale wa majembe. Radhi siombi."