Sindano ya Kumi na Mbili

"Hivi wewe, mtu wa sala, Mungu wako anakuruhusu kumfanyia kazi mchoma watu sindano?" Jirani aliniuliza hivyo siku moja nikianika mashuka ya zahanati.

Nikamjibu, "Mungu mwenyewe alimlaza Adamu usingizi ndipo akamtoa ubavu. Sembuse sindano nyembamba kama unywele!"

Alicheka, akaniacha na mashuka yangu.

Tabibu wetu hutibu kwa sindano zisizo na dawa, zinazoachwa zimechomekwa mwilini kwa muda, naye ana utaratibu mmoja. Akimaliza kumchoma mgonjwa hutaja idadi, nami naandika kwenye kadi. Muda ukiisha nazitoa mwenyewe, nazihesabu kwenye kopo. Hesabu isipotimia, hakuna anayetoka.

Basi asubuhi moja akaingia wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ni fundi cherehani, na kipandauso kilikuwa kimemfika pabaya, mwanga wa dirishani tu unamliza. Miaka mitatu hatukuwa tumesemezana. Ndugu yake alifariki wiki ileile wifi alipokuwa akimwoza binti yake, nami sikumpigia simu mpaka harusi ilipokwisha. Alipoiona sura yangu akageukia mlango.

"Mama, mbona unakimbia?" tabibu akamwambia. "Sindano hazijakuona bado."

Akalala, kwa maumivu tu. Tabibu akamchoma mikononi, miguuni, shingoni, moja utosini. "Kumi na mbili," akanitajia. Akamwonya asiache vidonge vya hospitali, kwamba sindano husaidia, hazifanyi miujiza. Akaenda chumba cha pili.

Nikamfunika miguu. Macho ameyafumba.

"Umenipata," akasema. "Siwezi hata kuinuka. Haya, hubiri."

"Sihubiri, wifi. Pumzika."

Nikakaa kwenye kigoda, namwomba Mungu kimoyomoyo anirudishie huyu mtu, maana mume nilishamzika, na dada mwingine sina. Dakika zikapita.

"Alipougua, ndugu yangu aliniulizia?"

"Kila siku. Lakini alisema usiambiwe, utaiacha harusi ya mtoto."

"Na wewe ukatii."

Ningeweza kumsukumia marehemu lawama yote, naye hawezi kubisha. Nikasema, "Nilitii. Ningeweza kumkaidi, wifi. Nilimwogopa hata alipokuwa hawezi kunyanyua kikombe. Kosa ni langu."

Chozi likamtiririkia sikioni, nikalipangusa kwa ncha ya kanga, maana mikono yake haikuruhusiwa kusogea.

Muda ukaisha. Nikazitoa moja moja huku macho yangu nayo yana maji. Akakaa, akaanza kuvaa viatu. Nikahesabu kopo. Kumi na moja. Nikahesabu tena. Kumi na moja.

"Lala tena," nikamwambia.

"Si tumemaliza?"

"Moja imebaki kwako."

"Yaani hata sindano za watu unanificha!"

Alisema kwa ukali, lakini mdomo ulimcheza, nami nikashindwa kujizuia, nikacheka. Naye akaguna kicheko, akashika kichwa, "Usinichekeshe, bado kinagonga." Akalala.

Nikaanza kupekua nywele zake, fungu kwa fungu. Zamani nilikuwa nikimsuka kila Jumamosi, najua kichwa chake kuliko changu. Mvi zimeingia. Nikamwambia.

"Nazijua," akasema. "Zingine ni zako wewe."

Nikaikuta utosini, imelala chini ya nywele. Nikaichomoa taratibu, nikakibonyeza kitobo kwa pamba. Ilitosha kubonyeza kidogo tu. Mimi nikabaki nimebonyeza, naye hakuniondoa mkono. Pumzi yake ikawa ndefu, nikadhani amesinzia.

Kisha akaketi. Akafunga kitambaa chake, akavaa viatu. Akaniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, kama anayempima mteja. Kanga yangu ilikuwa imeteleza begani. Akaipandisha, akainyoosha vizuri, akaipapasa mara moja, akatoka.