Mguu wa Mzee Hosea

Gereza lile la Mississippi lilikuwa la kampuni, na kampuni ililipwa kwa kila kichwa cha mfungwa, kwa hiyo watu waliendelea kuletwa hata vitanda vilipokwisha. Waliozidi walilala sakafuni kwenye vitanda vya plastiki walivyoviita mitumbwi. Mtumbwi wa Mzee Hosea, mgonjwa wa sukari, ulikuwa chini kando ya kitanda cha mfungwa mwenzake, Lavell. Sindano yake ya asubuhi haikuja. Muuguzi hakuwepo, na askari alikuwa mmoja kwa mabweni matatu.

"Mwanangu, nina kiu mbaya," mzee alisema. "Hebu waambie, nizimike hivi hivi?"

"Nitawaambia wakija kuhesabu, mzee."

Na kweli alikusudia. Lakini hesabu ina mambo yake. Akipatikana mgonjwa, hesabu inasimama, milango inafungwa, na chakula hakiji mpaka aje askari wa kumtoa. Askari wenyewe wako wapi? Ndiyo maana watu walikuwa na desturi yao: aliyelala au aliyezidiwa, jirani humtikisa mguu. Askari akiuona unacheza, anapita.

Adhuhuri Afande Tidwell alipochungulia kuhesabu, Lavell alifungua mdomo. Dupree, wa kitanda cha jirani, akamwahi.

"We Lavell, usituletee nuksi. Juzi tumelala na njaa kwa ajili ya kifafa cha mtu."

Lavell akafunga mdomo. Akainama, akautikisa mguu wa mzee. Mzee akaguna, Tidwell akapita. Maharage yakaja na mkate wa mahindi, na Lavell akala kama wengine. Ukikaa humo miaka, moyo unakufa ganzi, jamani, na wewe mwenyewe hujui umeanza lini.

Hesabu ya alasiri ilipofika, alinyoosha mkono bila hata kutazama. Mguu ukacheza, Tidwell akapita. Hapo ndipo Lavell alipohisi ubaridi wa mguu ule kiganjani. Akashuka, akamwita mzee, akamgeuza uso. Kisha akagonga mlango.

"Afande, Mzee Hosea amekufa."

Tidwell alirudi akiburuta miguu. Alikuwa kwenye zamu ya pili mfululizo.

"Amekufaje? Si nimeuona mguu wake sasa hivi?"

"Mimi ndiye niliyeutikisa."

Tidwell aligusa redio yake kiunoni.

"Hesabu nimeshaipeleka, na humo yu hai. Nikiirudisha, bweni zima halili. Zamu mpya watamtoa."

Lavell aliwageukia wenzake. Wote walikuwa wakiutazama mlango wa chakula. Chakula kikaletwa, cha mzee kikiwemo, maana alikuwa amehesabiwa.

"Sahani ya mzee anachukua nani?" Dupree aliuliza kwa sauti ya chini.

"Lete," Lavell alisema.

Akaketi kitandani, mzee akiwa pale chini miguuni pake. Akala sahani yake, kisha akala ya mzee. Alikuwa akingoja uchungu uje. Mkate ulikwisha, uchungu haukuja.