Saruji Kwenye Jumba la Mfalme

Mwanatatu alilisikia neno lile kwa Kafedha, muuza mahamri wa Mtongwe, na tangu siku hiyo likamganda kama kupe: kwamba jumba la mfalme, kila likitengenezwa, jini lake hutaka roho ya mtu. Lilimtaka fundi mmoja Wazungu walipoligeuza korokoro. Likamtaka mwingine lilipofanywa zahanati. Sasa ni ofisi za serikali, limepigwa lipu mpya juzijuzi tu, na ndani yumo Zuleikha, bintiye wa pekee, karani wa miezi miwili ambaye bado hajathibitishwa kazini.

Si kwamba Mwanatatu huamini kila jini analotajiwa. Lakini mwana ni mwana. Akavaa buibui, akapiga bismillahi, akaenda kujionea.

Jumba lenyewe alilijua kwa masimulizi ya nyumbani. Babu wa babu yake ndiye aliyelichomea chokaa, siku mfalme wa pwani ile alipotaka nyumba itakayoonekana na kila chombo kiingiacho bandarini. Matumbawe yalichomwa kwa magogo ya mikoko, chokaa ikalowekwa miezi, wanawake wakaiponda kwa nyimbo. Mfalme akapita, askari wake wakapita, kuta zikabaki.

Katika chumba cha magharibi alimkuta Zuleikha na wenziwe watatu wamekaa chini ya ukuta unaong'aa. Zuleikha akamwamkia, kisha akamnong'oneza arudi nyumbani asimtie aibu. Mwanatatu alikuwa ametia kiganja ukutani, nacho kimerudi kimelowa. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama mtungi mtupu.

Binti wa wachoma chokaa hakuhitaji kuambiwa. Walikuwa wamebandika saruji juu ya chokaa! Ukuta wa matumbawe hunywa mvua na kuitoa polepole. Ukiufunika kwa saruji maji hukosa pa kutokea, na ndani hulainika kama uji. Na masika ndiyo kwanza yanaanza.

Akamwendea Bramwel, mkuu wa ofisi, mtu wa bara, akamweleza yote mbele ya watu wa foleni.

"Mama, hii nyumba imesimama miaka mia mbili," Bramwel akasema. "Leo ndio ianguke kwa sababu umekuja kumtembelea msichana wako?"

"Ilisimama ikipumua, baba. Nyinyi mmeivisha koti la mvua."

Foleni ikacheka. Bramwel akamuuliza ana cheti gani cha ujenzi, akaongeza kuwa karani atakayeacha meza yake ajue hana kazi. Zuleikha akainamisha kichwa.

Mwanatatu akatoa ufunguo wa nyumba yake mkobani, akauchomeka chini ya lipu, akavuta. Likang'oka bamba zima kama ukoko wa wali, na tope jeupe likamiminika hadi kwenye viatu vya Bramwel.

Bramwel akarudi nyuma, macho ukutani.

"Toeni meza," Bramwel akasema kwa sauti ndogo. "Zote. Sasa hivi."

Siku ya tatu mvua ilishuka tangu alfajiri, na saa nne asubuhi ukuta ule ukalala chini wote, chumba kikiwa kitupu. Palipokuwa na kiti cha Zuleikha palikaa jiwe la ukubwa wa mbuzi.

Bramwel alikuja mwenyewe Mtongwe, akavua viatu mlangoni, akasema shikamoo, akaomba mafundi wa chokaa. Mwanatatu akampa Mwinyihaji, kaka yake, na wanawake saba wa kuponda. Walipobandua saruji ya chumba cha pili, na lipu ya Wazungu chini yake, wakazikuta zidaka za mfalme, vishubaka vya kuwekea vyombo ukutani, safu juu ya safu, nakshi zake nzima, ambazo hapana aliye hai aliyewahi kuziona. Zuleikha akathibitishwa. Na siku ya kumaliza kazi Mwanatatu aliingia, si kwa mlango wa pembeni wa foleni, bali kwa mlango mkubwa wa mbele, ambao wazee wake, pamoja na jasho lao lote, hawakuruhusiwa kuukanyaga, vigelegele vikimfuata nyuma.

Basi nyinyi mlio na watoto ndani ya nyumba za kale, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, epukeni haya:

Saruji juu ya ukuta wa chokaa.
Rangi ya mafuta juu ya ukuta huohuo.
Kitanda au meza chini ya ukuta unaotoka maji.
Fundi asiyeuliza nyumba ilijengwa kwa kitu gani.
Kumsingizia jini kabla ya kugonga ukuta.
Kunyamaza kwa kuogopa kuchekwa.