Kwa Hiari Yetu Wenyewe

Tangu Bibi Tereza azikwe, hakuna jirani aliyekuja kuomba moto kwa Ngassa.

Mgeni asingeligundua jambo hilo. Angeona moshi unafuka jikoni kwa Ngassa kama unavyofuka kwa wengine, angemwona mkewe Apolonia akitwanga, akichota maji, akianika mihogo, na angesema kumbe hapa ni shwari. Lakini kijiji kile, upande wa Masumbwe, kilipangwa kwa mistari kama kambi, mlango umetazamana na mlango, na kila asubuhi wanawake walivuka njia na vigae mikononi kuomba kaa la moto kwa jirani. Wakifika mbele ya ua wa Ngassa walizunguka, hata kama kwao moto umezimika kabisa na mvua inawapiga. Apolonia akifika kisimani, mazungumzo yalikatika. Alijaza ndoo yake, akajitwika, na nyuma yake maneno yakaanza tena.

Ngassa alitengwa kwa sababu hakwenda kuchimba kaburi. Huko mtu anaweza kuiba mbuzi akatozwa faini na kusamehewa, anaweza kumpiga mkewe akakemewa yakaisha. Lakini mwanaume mwenye nguvu zake kukaa nyumbani huku jirani anazikwa, hilo halina faini ya haraka. Ngassa mwenyewe alikuwa ameshawahi kuwatenga wengine kwa kosa hilohilo. Na bado, siku anazikwa Bibi Tereza, alikaa kwenye kigoda chake akisokota kamba ya katani, akisikia majembe yanavyogonga udongo.

"Mwanawe ndiye aliyenibomolea nyumba," alimwambia mkewe.

"Mwanawe, ndiyo. Yeye hakukubomolea," Apolonia akajibu. "Yeye alimpokea mwanetu Otmar kwa mikono yake siku anazaliwa, wewe ukiwa unatetemeka huko nje kama mtoto."

Ngassa aliendelea kusokota kamba.

Mwanawe huyo ni Marcelino, mwenyekiti wa tawi la Chama. Mwaka wa sabini na nne, wakati wa Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, Marcelino alikuja na mgambo kule kwenye makazi ya zamani, shati la kijani, filimbi mdomoni. Watu waliambiwa wahame siku hiyohiyo. Waliouliza wanahamia kwenye nyumba ipi walioneshwa pori lenye vigingi. Mgambo walipanda juu ya mapaa, wakafumua nyasi, wakatia moto, na ghala la mtama la Ngassa likaungua na mtama wake ndani. Mtu aliyeona mtama wa mwaka mzima ukilipuka kama bisi haoni aibu kulia mbele ya watu, na Ngassa alilia.

Lakini hata hilo angeweza kulimeza. Lililomkaa kooni ni lile lililofuata. Baadaye alikuja mkubwa fulani kutoka wilayani, watu wakakusanywa, na Marcelino akasoma taarifa: wananchi wote wamehama kwa hiari yao wenyewe. Ngassa alisimama katikati ya watu akasema, "Uongo." Neno moja tu. Mkubwa alijifanya hakusikia. Marcelino alisikia, na tangu siku hiyo hakulisahau. Ngassa naye hakusahau. Kijiji kizima kiliishi katikati ya wanaume wawili wasiosahau.

Sasa ni mwaka wa sabini na nane, mwezi wa pili, na Otmar amerudi nyumbani kwa lori la pamba. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Shinyanga. Alikula ugali, akanawa, akaanza kuwaeleza wazazi wake.

"Siku hizi mtu akimaliza kidato cha sita haendi moja kwa moja chuo kikuu, baba. Jeshi la Kujenga Taifa kwanza. Nimekwenda. Halafu kazi, miaka miwili. Nimefanya. Mwajiri wako anaandika kwamba unafaa. Ameandika. Imebaki barua ya Chama, ya tawi la nyumbani, kwamba una tabia njema na kwenu ni watu wema. Karatasi zote ziwe Kahama kabla mwezi huu haujaisha. Zikichelewa, basi tena."

"Na hiyo ya tabia njema anaandika nani?"

Otmar alitazama chini. "Mwenyekiti."

Ngassa alicheka, na kicheko kile kilimfanya Apolonia aondoe vyombo haraka.

Fikiria basi. Watoto wa wakubwa nao waliambiwa wapite njia hiyohiyo, na baba zao walikunywa chai na wenyeviti wao, barua zikaandikwa kabla chai haijapoa. Mtoto wa mkulima, aliyesomea kwa taa ya kibatari mpaka macho yakawa mekundu, anafaulu mitihani yote, anakimbia jeshini na bunduki ya mti, anahesabu marobota ya pamba miaka miwili. Mwisho wa safari yote hiyo anamkuta amekaa njiani mtu mmoja mwenye kalamu, na mtu huyo ndiye aliyechoma mtama wa baba yake.

Otmar alikwenda kwa Marcelino kesho yake. Alimwamkia vizuri, akaketi alipokaribishwa.

"Kijana, mimi sina shida na wewe," Marcelino akamwambia. "Lakini Chama si Marcelino. Chama ni watu. Na watu hawawasalimii nyinyi. Mtu asiyesalimiwa nitamwandikia vipi tabia njema? Nitawaambia nini?"

Otmar akarudi na maneno hayo. Akamwambia baba yake, "Mimi sikuombi kitu, baba. Nitajaribu tena mwaka ujao."

"Mwaka ujao Marcelino atakuwa amehama?"

"Hapana."

"Basi usiniambie habari za mwaka ujao."

Siku ya Jumamosi, kulipokucha, Ngassa alichukua jembe akatoka. Hakumwambia mtu anakokwenda, lakini kwenye kijiji cha mistari mtu na jembe lake huonekana tangu nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Alipita akielekea makaburini. Kaburi la Bibi Tereza lilikuwa limetitia kwa mvua, limebonyea katikati, na msalaba umeinama. Ngassa alivua shati. Akaanza kuchimba udongo pembeni na kuujaza pale palipobonyea.

"Bibi," alisema polepole, kwa Kisukuma, akiinama na kuinuka. "Sijaja kwa ajili ya mwanao. Mwanao nitakutana naye. Nimekuja kwako. Ulimshika wangu alipotoka tumboni, na mimi sikukushika ulipoingia ardhini. Ni aibu yangu."

Mzee Nkwabi ndiye aliyefika wa kwanza, akijikongoja kwa fimbo. Alikuwa ndiye mkubwa wa wazee wa pale, na yeye ndiye aliyetamka kwamba Ngassa atengwe. Alisimama kando ya kaburi.

"Umechelewa, Ngassa."

"Nimechelewa."

"Sana."

"Najua, namhala," Ngassa akajibu, akimwita mzee kwa heshima.

Nkwabi alitua fimbo yake, akaokota jiwe, akaliweka kichwani mwa kaburi, akaunyoosha msalaba. Halafu akasema, "Mwangaluka."

Hiyo ni salamu ya asubuhi tu, wanapeana watu kila kukicha bila kufikiri. Ngassa alijifuta uso kwa kiganja, ndipo akaitikia. Jasho lilikuwa limemwingia machoni, au tuseme ni jasho.

Mkutano wa tawi ulifanyika Jumapili baada ya misa, ndani ya ghala la pamba, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha. Watu walikaa juu ya magunia matupu. Lori la kwenda Kahama lilikuwa liondoke Jumatatu, na baada ya hapo hakuna lori lingine mpaka mwezi ugeuke. Otmar alikaa nyuma karibu na mlango, karatasi zake ameziweka kifuani ndani ya shati zisilowe.

"Kidumu Chama!"

"Kidumu!"

Waliongelea mbolea, wakaongelea shamba la ujamaa na wale wanaolitoroka. Marcelino akaliacha la Otmar mpaka mwisho, watu wakiwa wameshaanza kunyoosha viungo. Nkwabi akasimama akaeleza kwamba suala la kaburi wazee wamelimaliza, mtu amekiri kwa jembe lake, asalimiwe.

"Mimi kama mtoto wa marehemu nashukuru," Marcelino akasema. Na kweli alishukuru, maana alimpenda mama yake. Kisha akakohoa. "La nyumbani limekwisha. Limebaki la Chama. Mzee Ngassa, simama."

Ngassa akasimama.

"Siku ile alipokuja mgeni wetu kutoka wilayani, ulisema taarifa yangu ni uongo. Chama kinaombwa kiseme kwamba mwanao ametoka kwa watu wema. Sawa. Watu wema hawasemi Chama kinadanganya. Sasa waambie wenzako, katibu aandike. Nyumba yako ya zamani, nani aliibomoa?"

Mvua ilikuwa inagonga bati. Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa hajui nani aliibomoa. Wengine moshi wake ulikuwa umeshika kwenye nguo zao.

Otmar alisimama. "Baba, twende nyumbani."

"Kaa chini."

"Baba, mimi sitaki hiyo barua. Sitaki."

"Nimesema kaa chini, Otmar! Mimi ndiye niliyeulizwa." Ngassa aligeuka akamtazama mwenyekiti. Alikuwa ameubeba ule ukweli miaka minne. Ndio uliokuwa umebaki baada ya nyumba na mtama kwenda, kitu pekee ambacho mgambo hawakukipata cha kuchoma. Mikono yake ilitafuta mahali pa kushika, ikakamata mkanda wa suruali.

"Nilibomoa mwenyewe," akasema.

"Sema kwa sauti, katibu asikie."

"Nilibomoa mwenyewe! Kwa hiari yangu."

Katibu akaandika. Marcelino akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akanyoosha mkono kuchukua karatasi za Otmar, zilizopitishwa kutoka nyuma mkono kwa mkono. Hapo mwanamke mmoja akasimama upande wa kina mama. Alikuwa Bernadina, mjane, mtu ambaye kwenye mikutano hasemi kitu.

"Na mimi niandike, katibu."

"Mama, ajenda imefungwa."

"Haijafungwa. Nami niliibomoa yangu mwenyewe. Nilipanda juu ya paa mwenyewe, uzee huu, nikafumua nyasi. Moto niliuwasha mwenyewe. Kitindamimba wangu, Kamili, alikuwa na surua. Nikamtoa ndani kwa hiari yangu, nikamlaza chini ya minyaa, mvua ikamnyeshea. Hakuifikia Jumapili. Andika jina lake. Kamili. Bibi Tereza ndiye aliyemkata kitovu."

Kalamu ya katibu ilisimama. Mtu fulani alicheka kwa mshtuko, kisha akajifunika mdomo.

Nkwabi naye akainuka kwa fimbo yake. "Mimi ng'ombe zangu nilizifukuza mwenyewe zikapotelea porini. Nilikuwa nimezichoka. Niandike."

"Mimi kisima changu nilikifukia mwenyewe," akasema mwingine, "nilikuwa sina kiu."

"Mimi mgambo walinipiga kwa hiari yangu."

Wakasimama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyetukana. Kila mtu alitaja alichokibomoa mwenyewe, ghala, zizi, jiko, kaburi la baba yake lililobaki porini bila wa kulipalilia. Kule nyuma Otmar alikuwa ameinamisha uso magotini. Alikuwa shuleni wakati wa Operesheni. Habari nyingine ndiyo kwanza anazisikia.

"Inatosha," Marcelino akasema.

"Umetuuliza, mwenyekiti," Bernadina akamjibu. "Tunakujibu. Kamili hajaandikwa bado."

Marcelino alizungusha macho akitafuta mtu mmoja wa kumkaripia, na kila uso aliokutana nao ulikuwa umetulia, unangoja. Alichukua karatasi za Otmar, akaziweka gotini, akasaini ile ya tabia njema bila kusoma. Saini ilikwenda upande. Akagonga mhuri, akafunga mkutano bila kuimbisha wimbo, akatoka kwenye mvua peke yake, kichwa wazi.

Katibu alikuwa mtu mwoga na mwenye familia. Kwenye muhtasari aliandika kwamba wananchi wote waliohudhuria walithibitisha kuwa walihama kwa hiari yao wenyewe. Mtu atakayeikuta karatasi ile kabatini miaka ijayo ataisoma na ataamini, maana imegongwa mhuri. Jina la Kamili halimo.

Jumatatu Otmar aliaga. Lori lilikuwa linanguruma njiani, na ilionekana kwamba litafika Kahama muda ukiwa bado upo. Alipiga goti mbele ya baba yake.

"Huko wakikuuliza baba yako ni mtu wa namna gani," Ngassa akamwambia, "waambie ni mkulima. Alidanganya mara moja."

"Baba..."

"Nenda. Lori halisubiri."

Hakumsindikiza. Alirudi akakaa kwenye kigoda, kamba yake ya katani mkononi, lakini hakusokota. Lori liliondoka, mlio wake ukaishia mbali.

Hodi ikapigwa uani. Ni Bernadina, ana kigae mkononi.

"Mama Otmar, naomba moto. Kwangu umezimika."

Apolonia alitazama ng'ambo ya njia. Jikoni kwa Bernadina moshi ulikuwa unapanda mweupe, moto unawaka vizuri kabisa. Kabla hajainuka Ngassa alikuwa ameshainuka, akaingia jikoni ambako wanaume hawaingii, akapiga magoti kwenye mafiga. Alichagua kaa kubwa kuliko yote, lililoiva mpaka ndani, akaliweka kwenye kigae cha Bernadina kwa vidole vyake.