Mchakacho wa Mkamwana

Mzee alipopoteza macho, nyumba yake hakuipoteza. Aliishika kwa masikio. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na vitambaa alivijua hata vikiwa chumba cha pili. Binti yake akija kumsalimia, sketi yake ya satini ilitangulia kufika: shwaa, shwaa, kama maji yanayomiminwa kwenye karai. Mwanawe wa kiume akirudi kazini, jinzi yake ilikwaruzana mapajani tangu mlangoni. Hata ufagio aliusoma. Ukipapasa sakafu polepole alinyamaza, ukichakarisha kwa haraka alisema, "Leo humu ndani kuna mtu kavimba."

Mtu mmoja tu ndiye hakuwa na sauti, naye ni mke wa mwanawe.

Halikuwa kosa lake. Mama yake alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, akilala mchana, na kwao kulikuwa chumba kimoja. Mtoto akajifunza kutembea kama moshi. Mlango aliuinua kidogo ili bawaba zisilie. Kijiko alikiweka mezani kama anayeweka yai. Kwao hiyo ilikuwa adabu. Huku alikoolewa ikawa balaa.

Alikuwa akifika na sahani, anasema, "Baba, karibu chakula," na mzee anaruka kama kachomwa sindano. Mwanzoni walicheka. Wifi yake akampachika jina la Nyatunyatu, na jina likamganda. Lakini asubuhi moja mzee alishtuka akapiga kikombe kwa mkono, na chai ya moto ikammwagikia pajani. Wifi alipokuja na kuona malengelenge yamepakwa dawa, hakutania tena.

"Jumamosi namchukua baba akakae kwangu."

"Wifi, nitakuwa mwangalifu."

"Uangalifu wako ndio huo unaomuunguza. Sikuchukii, wifi yangu. Ila wewe huingii mahali, wewe unatokea tu."

Kwake wifi ni ghorofani, na mchana kutwa hakuna mtu. Mzee alipoulizwa alijibu, "Mtakavyo," kisha akaweka mguu juu ya pedali ya cherehani yake ya zamani bila kuikanyaga.

Mkamwana hakuwahi kumjua baba yake mzazi. Mzee huyu ndiye mwanamume wa kwanza kumwita "mwanangu" bila kufuatisha na kumtuma dukani. Mzee akienda zake, yeye abaki na nani?

Akajaribu kukohoa kabla ya kusogea. Mzee akamwambia kwa upole, "Unakohoa ndani ya sikio langu, mwanangu. Kama ni kifua, nenda hospitali." Akavaa ndala ngumu, lakini miguu yenyewe ikazibembeleza mpaka zikanyamaza. Tabia ina mizizi bwana, haing'oki kwa ndala.

Jumamosi ilipofika, akiwa anakunja nguo za mzee kuzitia kwenye begi, shati moja lililopigwa wanga lilichakarika mkononi mwake. Akasimama. Kumbe dawa aliishika!

Chini ya cherehani kulikuwa na gunia la vitambaa vilivyobaki kazini. Akatia mkono, akapapasa, akatoa kipande kimoja kikavu kama karatasi, kilichokunjwa peke yake vizuri. Akaenda nacho jikoni, akakishona haraka kwa mkono, kuzunguka pindo la gauni lake. Akapiga hatua. Chaka, chaka, chaka. Alicheka peke yake kama mwehu. Akachukua glasi ya maji, akashika njia ya ukumbini kumpelekea mzee.

Mzee aligeuza kichwa hata hajafika. Uso wake ulikunjuka wote.

"Umerudi?" alisema, kwa sauti ambayo mkamwana hakuwahi kuisikia. "Leo umekawia. Njoo ukae." Akapigapiga nafasi iliyokuwa wazi kwenye benchi, ubavuni mwake.

Mkamwana alitazama ukutani. Kwenye picha, marehemu mama mkwe alikuwa amesimama ndani ya gauni pana, gumu, lenye kung'aa. Angeweza kukaa tu pale kwenye benchi, anyamaze, amwachie mzee dakika zake. Nani angejua?

"Ni mimi, Baba," alisema. "Ni mkamwana wako."

Uso wa mzee ukajifunga kama dirisha.

Nyuma yake, wifi alikuwa amesimama mlangoni na kiganja mdomoni. Naye aliusikia ule mchakacho tangu barazani. Kilichomtoka kwanza kilikuwa "Mama". Hasira ilifuata baadaye.

"Umevaa nguo ya mama yangu?"

"Ni kipande tu, wifi. Nilikitoa guniani, sikujua. Nilitaka anisikie nikija."

"Hukujua! Ulianza kumtisha kwa kimya, sasa unamtisha kwa marehemu?"

"Nyamazeni," mzee alisema. "Mkamwana, sogea."

Akasogea. Mzee aliinama, akalishika pindo, akalipitisha vidoleni taratibu.

"Nani kakushonea hivi?"

"Mwenyewe, Baba."

"Ndiyo maana. Umefunga gunia la viazi."

Wifi alicheka machozi yakiwa yanamtoka, akakasirika kwa kuwa amecheka.

Mzee aliomba mkasi mdogo. Akafumua uzi mwenyewe, huku akikizungusha kile kipande kwenye kiganja. Kilipotoka chote alikishika kifuani.

"Hiki kilibaki nilipomshonea mama yenu lile gauni. Akipita ukumbini hapa najua yuko wapi, hata nikiwa nimeinamia kazi. Hii ni sauti yake. Siwezi kukupa, mwanangu, na wewe huwezi kuibeba."

"Nisamehe, Baba."

"Nikusamehe nini? Wewe ndiye umefikiri. Sisi wengine tulikuwa tunafunga mabegi tu." Akageuza uso upande wa binti yake. "Mwaga gunia hilo."

Basi sakafu ikajaa vitambaa. Mzee akachagua kwa vidole, wifi akabana pini midomoni na kuvibandika kwenye gauni, mkamwana akaenda na kurudi ukumbini kama bibi arusi anayejaribishwa viatu.

"Hicho kina haraka, toa. Hicho ni cha mwanamke mgomvi."

"Basi nipe mimi," wifi alisema kupitia kwenye pini.

"Wewe unacho tayari. Kingine! Hapana, hicho kinapiga kelele, kitaamsha watoto wa jirani."

Mwisho wifi alibandika kipande cha pamba nzito, rangi ya vumbi, ambacho hakuna mtu angekigeukia dukani. Mkamwana akatembea. Kilitoa sauti ndogo, fyuu, fyuu, kama kiganja kinachopita juu ya kichwa cha mtoto.

"Rudia," mzee alisema. Akafumba macho yake ambayo hayakuwa na haja ya kufumbwa. "Tena. Toka nje kabisa, uingie."

Akatoka, akaingia.

"Nani huyo?" wifi aliuliza. "Nyatunyatu?"

"Huyo ni mwanangu. Yuko karibu na kabati, anakuja. Vua gauni, uniletee kwenye mashine."

"Baba, gari linasubiri nje."

"Limsubiri nani? Mimi nina kazi."

Mkamwana alibadili nguo, akaleta gauni. Mzee alipapasa kutafuta mwanzo wa mshono, akaweka kidole mbele ya sindano kuwa macho yake. Pedali ikaanza kwenda, kwanza kwa kusitasita, kisha sawasawa. Wifi akatoka kumwambia dereva aende zake, akarudi, akalisukuma begi kwa mguu mpaka chini ya benchi.

"Haya, nani atanipa maji?" alisema. "Nimekauka."

Mkamwana akainuka. Mzee akainua kidole bila kuacha pedali.

"Wewe kaa. Bado hujashonwa."