Konokono Hawana Mwenyewe

Komujuni alimkandamiza perege kwa kidole gumba, akapenyeza mwiba wa mchungwa chini ya shavu la samaki, akamvuta mdudu. Wa njano, mnene kama punje ya mchele. Akamweka juu ya jani la mgomba pamoja na wenzake. Walikuwa kumi na wanne, wote wa samaki mmoja, na samaki mwenyewe hakufika hata urefu wa kiganja. Komujuni alikuwa amechoka, uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Bwawa hilo la bondeni, huku Isingiro, alilichimba kwa jembe lake viangazi viwili. Mumewe alipofariki, ukoo ulichukua kibanja chote, migomba na kahawa, ukamwachia bonde ambalo mgomba hauoti. Shemeji yake Mutabazi alisema mbele ya wazee kwamba pale ni pake maadamu anapatumia. Akipaacha, panarudi kwa ukoo. Basi akapatumia. Kwa miaka sita watu walikuja kutoka hata Chonyonyo kufuata perege wake.

Kisha huko juu kikajengwa kiwanda cha kumenya kahawa. Kikayavuta kwa pampu maji ya mto uliolisha bwawa, kikayarudisha mazito, yananuka kama pombe iliyochacha. Mto uliokuwa ukikimbia ukawa unajikokota. Yakaota majani, majani yakaleta konokono, na nyuma ya konokono wakaja wadudu. Hakuna aliyemfundisha hayo. Aliyaona yakifuatana kwa macho yake. Mwezi wa sita, kiwanda kikinguruma, alipeleka barua wilayani.

Afisa uvuvi alikuja Novemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, waitu. Karibu."

Bwana Placidius alikuwa kijana mpole, na upole huo ndio uliomchosha Komujuni zaidi, maana hata kumkasirikia ilikuwa kazi. Alichota maji ya mto kwenye chupa, akayainua juani. Msimu wa kahawa ulikwisha kitambo, na mvua zilikuwa zimeuosha mto.

"Maji haya ni mazuri, mama."

"Leo ni mazuri. Mimi niliandika mwezi wa sita."

"Pikipiki ya ofisi haikuwa na mafuta. Na mimi napima ninachokikuta."

Komujuni akamwonyesha bomba la kiwanda la kumwaga maji machafu, ng'ambo ya mto.

"Kavu," alisema afisa.

Akamletea ndoo ya konokono aliowaokota asubuhi ile.

"Hawa ndio wanaoleta wadudu, waitu. Zamani hawakuwapo, maji yalikuwa yanakimbia."

"Inawezekana. Lakini konokono hawana mwenyewe, mama. Nitamwandikia nani? Bwawa lina mwenyewe."

Akaandika, kisha akaigeuza karatasi upande wa Komujuni. Samaki wagonjwa wanahatarisha mto. Bwawa lifukiwe ndani ya siku saba, na samaki wakiwa humo humo.

"Nikilifukia, bonde si langu tena."

"Hayo ni ya ukoo wenu. Mimi nashughulika na samaki." Akampa kalamu.

Alifukia siku sita, peke yake, kwa jembe lile lile. Siku ya kwanza alilia. Siku zilizofuata hakuwa na nguvu za kulia na kuchimba kwa pamoja, akachagua kuchimba.

Siku ya saba, akiwa anatupa udongo wa mwisho, Mutabazi alishuka bondeni na mzigo wa vijiti vya mramura, mti wa mipaka. Alimsalimia vizuri tu, kama wamekutana nje ya kanisa, akaanza kuvichomeka. Komujuni aliitikia.

Afisa naye akafika, akatoa simu. Ripoti ilihitaji picha.

"Simama hapo kwenye udongo mpya, mama. Shika jembe."

Akasimama.

"Sogea kushoto kidogo. Bomba linaonekana."

Akasogea. Chini ya unyayo wake udongo mbichi ulitikisika mara moja, kisha ukatulia.